Bolti Ishirini na Nne

Jumatatu, 9 Mei 1994
Gurudumu la tatu leo. Kila gurudumu lina bolti ishirini na nne. Zinafunga pete ya chuma inayobana ukingo wa tairi kwenye rimu, ili dereva aweze kupunguza upepo katika tope la Chumbi na tairi lisichomoke. Nakaza moja, kisha iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Bwana Kassimu, mwenye gari, anasema nashona kofia. Biashara huria imempa gari la kigeni na mpunga wa kununua vijijini. Subira haikumpa.

Jumanne, 10 Mei
Gurudumu la nne. Bolti tisa zimeliwa meno. Nimekataa kuzifunga.
Bwana Kassimu anasema kumi na tano zilizobaki zinatosha. Wanunuzi wengine wameshatangulia. Hazitoshi. Nilipokuwa karakana ya serikali, Utete, pete ya rimu ya lori iliruka wakati tairi likijazwa upepo. Ilimvunja taya fundi mwenzangu. Hakutafuna muwa tena.
Dereva ni Saidi, mume wa binti yangu Zuhura. Hilo sikulitaja. Bolti mbovu ni mbovu hata kwa dereva nisiyemjua.

Jumatano, 11 Mei
Bwana Kassimu amenunua bolti tisa Ikwiriri. Za mashine ya kukoboa mpunga. Laini. Nilikaza moja mbele yake. Ikakatika kichwa kabla ya kufika mkazo unaotakiwa. Akasema nimeikata makusudi.
Nimezitia zote kikapuni, mpya na kuukuu, nikaondoka. Akanifuata hadi barabarani, Kibiti nzima ikisikia: "Mzee, hiyo ni mali yangu!"
"Ndiyo. Na mikono ni yangu."
Sijutii.

Alhamisi, 12 Mei
Nimefukuzwa kazi. Ujumbe ameuleta Saidi, akiusema huku anatazama chini, kama impasavyo mkwe. Kisha hakuondoka. Miaka sita hajaniuliza neno. Leo ameuliza: "Baba, nikikataa kuliendesha, utanilaumu?"
Sikumwamuru. Ana watoto wa kulisha. Nilimpa tu ile bolti iliyokatika. Ameitia mfukoni.
Tajiri anakusudia kununua nyingine laini na kumwita fundi mwingine. Naogopa. Kikapu kiko chini ya kitanda, na hapo kitakaa.

Jumamosi, 14 Mei
Saidi amekataa. Alimwekea tajiri ile bolti juu ya meza, akatoka. Gari limesimama.
Zuhura amekuja kunilaumu. Baba hana kazi, mume hana kazi. Ana haki ya kulia. Mimi sina haki ya kulegeza.

Jumanne, 17 Mei
Bolti sahihi zimefika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Bwana Kassimu alizileta mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Hakuomba radhi. "Haya, mzee, shona kofia yako. Na mkweo aje."
Kwanza nilikwenda dukani kununua rangi ya kucha, nyekundu. Bi Mwajuma, mwenye duka, alicheka hadi akashika meza. "Makubwa! Fundi umeongeza mke?"
Nikamwambia ninao tisini na sita, wote wakali.
Nimekaza magurudumu yote manne. Juu ya kila bolti nimepiga mstari mwekundu, kutoka kichwani hadi kwenye pete. Bolti ikilegea, mstari utakatika pale pale.

Alhamisi, 19 Mei
Gari limerudi kutoka Chumbi alasiri, tope hadi kwenye vioo. Mpunga umejaa.
Saidi alishuka, akaomba ndoo ya maji. Nilidhani anataka kunawa. Aliosha magurudumu. Kisha akachutama, akapitisha kidole mstari kwa mstari, bila haraka.
"Baba, hii hapa."
Gurudumu la nyuma, kushoto. Imesogea upana wa punje ya mchele.
Nikampa spana. Akaikaza. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kwenye iliyo mkabala nayo.