Trei za Kuzunguka na Likizo ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu ameanza likizo. Wiki mbili! Miaka ishirini na sita fundi mashine kiwandani, hajui kukaa kitako hata nusu saa. Saa nne asubuhi kasimama jikoni kwangu, mikono kiunoni, anakagua. Eti jiko halina mfumo. Nikamwambia mfumo ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Kuna trei inazunguka mezani. Kaitengeneza mwenyewe — ubao wa duara, beringi chini. Anaisukuma kwa kidole kimoja, ananitazama usoni, anangoja nishangilie. Nikashangilia. Kosa langu.

Ijumaa, 7 Machi
Trei nne sasa! Viungo vinazunguka, mafuta yanazunguka, vikombe vinazunguka. Nimenyoosha mkono kwenye chumvi, nikashika magadi. Mchuzi wa nyanya ukafura povu, tukala mkate mkavu. Anasema nisome lebo. Lebo! Jikoni kwangu mwenyewe! Nimempigia dada, kacheka mpaka kakohoa. Siku kumi tu, kasema, vumilia.

Jumatano, 12 Machi
Vifuniko vya sufuria kavitundika nyuma ya mlango. Ukifungua — kengele! Miiko kaipanga kwa urefu kama watoto wa shule mstarini. Sufuria nimezirudisha chini mara mbili, mara mbili nimezikuta juu. Tumegombana. Nikamwambia Jumatatu akishatoka tu getini, nang'oa kila kitu. Akaendelea kupiga msasa.

Jumamosi, 15 Machi
Natafuta ovaroli zake nizifue. Sizioni. Eti kaziacha kazini. Mtu anayebandika lebo kwenye njiti za meno!

Jumatatu, 17 Machi
Saa moja na nusu, bado yuko na kaptula. Likizo si imekwisha? Kaongezewa, anasema, kichwa kimezama kabatini chini ya sinki. Nikavuta pumzi nimpe vidonge vyake — hodi mlangoni.

Mlinzi wa kiwandani. Kaleta mfuko: ovaroli mbili, kikombe chake cha chai, picha ya watoto aliyokuwa kaibandika kwenye mashine. Akanipa pole. Pole ya nini? Kumbe tangu mwisho wa mwezi uliopita! Mashine mpya zimekuja, mafundi wa zamani wote wameachishwa. Mlinzi alidhani najua.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Yeye bado kabatini, naona miguu tu. Anauliza nani alikuwa mlangoni. Nikasema mtu kapotea nyumba.

Sasa huu mfuko nauficha wapi? Jiko zima halina kona! Kila kitu kina lebo, kila kitu ukikigusa kinazunguka kinakuja mbele. Nimeuweka kwenye kiti nikaukalia. Kikombe kinanichoma. Naandika nionekane nina shughuli.

Anauliza baada ya hili apange kabati gani. Nimemwambia la juu, lile kubwa. Na asifanye haraka.