Mtoto Hapigwi Picha Kabla ya Arobaini

Kwa mke wangu Mejumaa, Msambweni.

Assalaam aleikum. Baada ya salamu nataka kujua hali yako, lakini tafadhali usinijibu upesi. Desturi ya barua ni mimi niseme kwamba ni mzima wa afya na hofu ni kwako. Basi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi ya huku bara inanionea kweli kweli. Na hofu ni kwako, wala siyo ile hofu ya kuanzia barua.

Karatasi hizi anakuletea fundi Omari, yule seremala wa Ukunda aliyekuja kufunga makabati kwenye jengo jipya la chuo. Nimemwambia akutie mkononi wewe mwenyewe, asimpe mtu mwingine. Najua utashangaa, zama hizi za simu mtu anaandika barua. Lakini simu yako tangu Alhamisi haipatikani. Hata ilipokuwa ikipatikana, ukipokea tu namsikia mama yuko hapo, Saumu yuko hapo, na jirani naye hataki kupitwa na salamu. Mambo ya mke na mume hayasemeki sokoni.

Kusoma nasoma. Darasa zima bado laniita Mzee Pwani, hata vitoto ambavyo wazazi wao huenda niliwapelekea chai mezani enzi zangu za uweita pale Diani. Wananicheka nikichelewa kuelewa, nami nawalipiza jikoni, maana hapa bwenini hakuna hata mmoja anayejua kukaanga samaki. Saikolojia, hii elimu ya akili na nafsi ya mtu, naipenda. Mwalimu akieleza habari za hofu au za kumbukumbu, naona kama ananisimulia wageni wote niliowahi kuwahudumia. Takwimu ndiyo imenitoa jasho. Wastani naujua, unajumlisha halafu unagawanya. Lakini kuna kitu kinaitwa mkengeuko, yaani watu wametawanyika kiasi gani mbali na wastani wao, na hicho nimekisoma hadi kichwa kikaniuma. Mtihani wake uko mbele yangu. Nikiukosa, mwaka mzima umepotea na ufadhili nao umekwenda. Ndiyo sababu leo siko hapo nyumbani, na nataka ulijue hilo kabla hatujaenda mbali.

Sasa nikueleze yale maswali niliyokuuliza kwa simu mwezi uliopita, maana sidhani niliwahi kukueleza yalikuwa ya nini. Walimu wa masomo yale mawili walishirikiana wakatupa kazi moja. Kila mwanafunzi awapigie watu wa kwao, awaulize maswali yale yale. Unalala vizuri? Chakula kinashuka? Vitu ulivyovipenda, bado wavipenda? Mtu asiye na tabu anaandikiwa sifuri, na kadiri tabu inavyozidi ndivyo namba inavyopanda. Nikampigia mjomba wa Mkongani, ambaye nyani wamemmalizia mahindi yote shambani. Alhamdulillahi, hatujambo. Nikampigia rafiki yangu Mwero wa Kinango, ambaye lambo lao limekauka na mbuzi wanamfia kwa kiu. Salama kabisa, habari za masomo? Nikawapigia wengine niliowaweza, wote sifuri. Kisha nikakupigia wewe. Nikakusomea maswali kama karani wa sensa, nawe ukajibu walala, chakula chashuka, huna neno, na mwisho ukaniuliza kama nami nimekula. Nikaandika sifuri, Mejumaa. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwalimu wa takwimu akaiweka kazi yangu ukutani watu wote waione. Michoro ya wenzangu ilikuwa na vilima na mabonde, wangu ulikuwa mstari umelala chini. Akauliza kama kwetu ni peponi. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, ningefanya nini. Kicheko kilipokwisha akanisogelea akaniambia kwa upole, “Mzee Pwani, watu wasiotofautiana hata kidogo hawapo duniani. Hawa umewaamkia tu, hujawauliza.”

Nilirudi bwenini na maneno yale yakinizunguka. Ni kweli tupu. Kwetu sisi mtu ana msiba ndani, lakini ukimwuliza habari atakwambia njema. Njema kwanza, ukae, upewe chai, ndipo baadaye uambiwe nani amekufa. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo na sina ugomvi nayo. Lakini mimi mzaliwa wa Msambweni, niliyekua ndani ya adabu hiyo, ndiye niliyeichukua njema yako ya kwanza nikaipeleka chuoni kana kwamba ndiyo habari yenyewe. Mtu wa bara angesamehewa.

Wiki ile ile Saumu akanipigia akiwa kisimani, anazungumza chini chini. Usimkasirikie wifi yako, nakuomba. Alinieleza kwamba viazi karai umeacha kukaanga na karai umelifudikiza nyuma ya jiko. Wapika cha watu wote, wewe waonja tu. Na kila Ijumaa wafua nguo za mtoto, waanika, wakunja, warudisha sandukuni, na Ijumaa inayofuata wazitoa wazifua tena wakati hakuna aliyezivaa. Mama akakwambia mtoto ni ndege wa peponi, ukimlilia sana wamnyima raha. Ukaacha kulia, ukaendelea kufua.

Yote hayo aliyonieleza Saumu yamo kitabuni mwangu, karibu neno kwa neno. Yana jina lake na yana ukurasa wake. Ukurasa ule nilikuwa nimeshausoma kwa ajili ya mtihani, nikaupigia mistari kwa kalamu, wala haikunijia akilini kwamba ni habari za mke wangu. Siku ile nilipoufungua tena nilishindwa kuumaliza.

Nikamwendea mwalimu wa saikolojia, mama mtu mzima, nikamwuliza nifanyeje. Akaniuliza ni nani aliye karibu nawe. Nikamwambia mama na Saumu. Akaniuliza, na wewe? Nikasema mimi niko hapa. Hakunilaumu. Alisema kwenye kliniki za akina mama mara nyingi huwa kuna muuguzi wa kuzungumza na waliofiwa na watoto, na kwamba usiende peke yako, mtu afuatane nawe. Basi nikaenda ofisini kuomba ruhusa nije mimi nifuatane nawe. Nikaambiwa ruhusa ya msiba huu nilishapewa mara ile, na msiba mmoja hauombewi ruhusa mara mbili. Nikasimama pale dirishani kama mjinga. Yule karani hakuwa mtu mbaya, na hata aliniambia pole. Lakini ningemwelezaje kwamba mara ile niliyokuja sikuuona huo msiba?

Nawe wajua nilifika saa ngapi. Homa haikumpa mtoto nafasi, na niliposhuka garini walikuwa wameshatoka makaburini. Nikakalishwa chini ya turubai na wanaume, nikapewa mikono, nikasoma Yasini, nikanywa kahawa. Wewe uko ndani na wanawake. Kila nikisogea mlangoni naambiwa, waache akina mama wakae. Mtoto mchanga naye hana matanga marefu, kwa hiyo turubai likashushwa mapema, na mimi shule ikaniita. Tulipoagana pale kizingitini tulizungumza habari za dawa ya mama na paa la jiko.

Na picha hakuna. Alipozaliwa nilikuomba unipigie hata moja. Mama akasema mtoto hapigwi picha kabla ya arobaini, watu wana macho. Nami nikaona kweli, ya nini haraka, nitamwona mwenyewe chuo kikifungwa. Arobaini haikufika.

Basi Alhamisi nilikupigia nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na maswali mapya, ya upole, kama tulivyofundishwa. Nikauliza unalala, ukasema walala. Nikauliza unakula. Hapo ukasema:

“Wewe bwana, kila siku waniuliza nala, nalala. Nasoro alifanana na nani, hilo hujaniuliza hata siku moja.”

Mejumaa, nilikuwa na masomo ya mwaka mzima kichwani na swali hilo halikuwamo. Jina lake lilikuwa halijatajwa kati yetu tangu nilipoondoka. Nilibaki na simu sikioni. Nikasikia kuku, nikasikia mama akikuita, ukamwitikia, ukakata. Tangu hapo napiga sikupati. Saumu amenieleza kwamba umeizima umeitia sandukuni pamoja na zile nguo. Mchana nakaa darasani, mwalimu anaandika ubaoni, nami nakuona wewe tu umeinama kwenye beseni.

Nakwambia wazi, sijui nifanye nini. Ningetoroka nije, tupoteze hii nafasi tuliyoiombea dua wote, kisha niketi hapo bila kazi nikutazame? Nikibaki, nabaki nafanya nini? Nimejiuliza pande zote na kila upande nakwama. Mtihani utafika, nitaingia, nitajumlisha, nitagawanya, na sijui kama nitaona hata karatasi yenyewe. Watu husema mwanamume hatakiwi kumwandikia mkewe maneno kama haya. Waseme.

Ukiweza, nenda kliniki na Saumu, nimeshamwambia akusubiri wewe useme lini. Usipotaka, sina la kukulazimisha nikiwa huku. Nguo zifue ukipenda, usiache kwa maneno ya mtu. Mama nimemwandikia kikaratasi chake, Omari atamsomea. Nimemwomba, kwa heshima zote, akuache ulie. Naye pia alimzika mjukuu, nadhani ananyamaza kwa vile naye hajui pa kushika.

Nifikishie shikamoo kwa mama. Baba mkwe wangu huko Samburu, ukipata wa kumtuma, mwambie mkwewe anamwamkia na kwamba mvi zote hizi bado ziko darasani. Saumu mwambie hakukosea kunipigia. Bi Mwanatumu, mkunga aliyempokea mtoto kwa mikono yake, mwambie Mungu amlipe, mimi sikuwahi kumshukuru. Mjomba wa Mkongani akipita hapo, mwulizeni habari zake, na akisema njema mpeni chai mumwulize tena.

Sasa nakuuliza, mke wangu, na nisamehe kwa kuchelewa. Nasoro alifanana na nani? Pua aliichukua kwako au kwangu? Akilia uso wake ulikuwaje, na akishiba je? Alikuwa akikutazama? Mama alimwona na Bi Mwanatumu alimwona, lakini sitaki kumsikia kwao. Karatasi ya mwisho nimeiacha tupu, na Omari anarudi huku wiki ijayo. Niandikie yote unayokumbuka, hata yaliyo madogo, hata ikiwa utalia juu ya karatasi na wino ukaharibika. Mimi nitajitahidi kusoma.

Ni mimi mumeo,

Baba Nasoro