Mianzi Kati ya Mama na Mkwilima Wake

Jumamosi, Buswelu. Mawingu tangu asubuhi, upepo mdogo wa ziwani, mvua hakuna. Nina furaha, na leo sihitaji chanzo cha pili kuthibitisha.

Mama hajaondoka.

Nimeliweka juu kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazini, gazetini: habari kwanza, maelezo baadaye. Maelezo haya hapa.

Mama alikuja kukaa kwangu mwaka juzi, baada ya kuteleza uani kwake Kisesa na kuvunjika mguu. Mfupa uliunga vizuri. Kliniki walisema jambo moja na kulirudia kila tulipokwenda: atembee kila siku, nje, kwenye udongo na jua, la sivyo goti litakaza na hatasimama tena bila kushikwa. Mama aliitikia kwa adabu. Tukirudi nyumbani, anaingia chumbani na hatoki.

Hakuwa mkaidi. Tatizo lilikuwa uani kwenyewe. Mume wangu, Masanja, ni seremala, na karakana yake ni kibanda nyuma ya nyumba, kisicho na ukuta wa mbele. Yuko pale kutwa. Na kwetu, mama mkwe na mkwilima wake, yaani mume wa binti yake, hawasimami uso kwa uso, hawapeani mikono, na mmoja hali chakula mwenzake akimwona. Si ugomvi. Ni heshima, tena ya juu kabisa. Masanja naye amelelewa hivyo hivyo. Akihisi Mama yuko jikoni, anazunguka nyumba nzima kwa nje na kukohoa kabla ya kila kona, mpaka majirani wakaniuliza kama ameshapima kifua.

Watu wawili wanaopendana, na ua mmoja usiowatosha.

Kaka yangu Kulwa alikuwa na msimamo wake. "Mama hakai kwa mkwe," alikuwa akiniambia kila msimu. "Mvua zikiisha nakuja kumchukua." Kule Kisesa yeye na mkewe wanashinda shambani na minadani. Mama angebaki peke yake na nyumba, na kliniki iko huku. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba angalau angekaa nje kwa uhuru. 

Basi ua ukawa kazi yangu.

Tulianza na turubai. Upepo ulilichana wiki ile ile. Nikapendekeza mabati, Mama akachungulia dirishani, akauliza, "Mnanijengea zizi?" Mabati yakaishia hapo. Ukuta wa matofali ungetaka msingi, na Buswelu ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe ambalo halina habari na wewe. Ndipo nikakumbuka mama mmoja niliyewahi kumhoji, mwenye shamba la mianzi ng'ambo ya kivuko cha Kigongo. Nilivuka, nikarudi na visiki vyenye mizizi vimefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa, vikinichafulia gari mpaka leo.

Mianzi ile ni ya aina inayokaa kwenye kichaka chake, haitambai kwenda kwa jirani. Tuliipanda mvua za vuli zilipoanza, kwenye mtaro mmoja tuliojaza samadi, kutoka ukuta wa jikoni hadi uzio wa nyuma. Nilitaka mstari ulionyooka. Katikati tukagonga mwamba. Masanja aliupiga sururu, akasimama, akaupiga tena, kisha akasema, "Huyu alifika kabla yetu." Mstari ukapinda kuuzunguka. Upande wa Mama tuliongeza mijohoro miwili na mwarobaini mmoja, miche iliyokwisha kunifika begani, ili atakapokubali kutoka asiungue jua. Tukatandaza maranda ya karakana juu ya udongo yatunze unyevu, na mchwa wakashukuru sana. Tukayaondoa, tukaweka majani makavu.

Nilijiona nimepanga kila kitu. Nilipima, nikachora, nikasimamia.

Nikasahau bomba.

Bomba la maji liko kwenye ukuta wa jikoni, upande wa Mama. Mwagiliaji ni Masanja. Mkwilima hawezi kuingia upande wa mama mkwe wake kila jioni na ndoo; ingekuwa bora nisingepanda chochote. Tukanunua mpira wa kumwagilia. Masanja anauburuta kwa upande wake na kuuweka kwenye mizizi, kisha anarudi ndani ya karakana na kutazama ukuta. Mama anatokeza mlango wa jikoni, anafungua bomba, anarudi ndani. Lakini nani amwambie Mama kwamba mpira umekaa tayari, wakati Masanja haoni adabu kumpigia simu wala kumwita mama mkwe wake?

Mimi. Kwa simu. Masanja ananipigia: "Mwambie mama afungue." Nampigia Mama: "Fungua." Baadaye: "Mwambie mama afunge." Nampigia Mama: "Funga." Nimefanya hivyo nikiwa kwenye vikao, kwenye foleni, na mara moja nikiwa nimemnyooshea kiongozi kinasa sauti mdomoni. Katikati ya sentensi yake akanisikia nikisema, "Funga, mama, inatosha." Alifupisha hotuba.

Mianzi ilikua. Wakati wa kiangazi ilidumaa, wakati wa masika ikapanda kwa fujo, vuli iliyofuata ikampita Masanja kimo, na Masanja si mfupi. Bado Mama hakutoka kutembea. Ilikuwa kama wote wawili wanasubiri mtu aseme kwamba sasa inaruhusiwa, na mimi si mtu wa kuwaruhusu wakubwa.

Kisha mwezi uliopita kazi ikanipeleka visiwani, mahali ambapo simu ni tochi tu. Sikuwepo kwa yaliyotokea. Nimeyapata kwa pande zote mbili, na maelezo yao yanalingana. Mama alifungua bomba kwa mazoea. Maji yakatosha, yakazidi, yakaanza kupita chini ya uzio kuelekea jikoni kwa jirani. Masanja akanipigia, akanipigia tena. Mwisho akasimama nyuma ya mianzi, akakohoa, akaita:

"Mama, shikamoo. Maji!"

"Marahaba. Nimesikia, mkwilima. Kwani mimi kiziwi?"

Akafunga. Halafu, anasema Masanja, yeye akashika randa ili apate la kufanya. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo:

"Na huo msumeno wako wa asubuhi. Mbona unalia kama mbuzi aliyefungiwa?"

"Umenolewa jana, mama."

"Umenolewa na nani, adui yako?"

Masanja aliniambia alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amewahi kutaniwa na mama mkwe wake tangu anioe.

Siku iliyofuata Mama alitoka na fimbo yake, akatembea mpaka penye mwamba, akarudi. Hakuna aliyemwona. Alijulikana kwa sauti ya fimbo na kwa maswali: hicho unachopigilia ni kabati au jeneza? Na mteja wa kitanda amekuja? Hajaja? Basi hatakuja, huyo. Niliporudi kutoka visiwani nilikuta nimeachishwa kazi ya simu, na sijawahi kufurahia kufukuzwa kama hivyo.

Lakini Kulwa, aliyeahirisha msimu baada ya msimu, safari hii hakuwa ameondoa tarehe yake. Mvua zimeisha. Leo asubuhi akaja, na gari la mizigo la kukodi, na godoro la kumlaza Mama njiani. Nilimfungulia geti. Nimehoji watu wakali kuliko kaka yangu, lakini sijawahi kuwa na cha kupoteza kiasi hiki nikiwa nimesimama mbele yao. Mama angesema "twende", ningemfungia nguo. Angekuwa na haki.

Tulimkuta chini ya mjohoro, kwenye mkeka, amenyoosha mguu kivulini, anakula ugali na sato. Nje. Kwa utulivu. Hatua chache kutoka kwake, nyuma ya mianzi, Masanja naye alikuwa anakula. Mnaweza kuona huo ni mkeka na sahani tu. Mimi na Kulwa tulijua tunachokitazama: mama mkwe na mkwilima wakila kwenye ua mmoja. Kulwa alisimama akaangalia ukuta ule wa kijani kutoka chini mpaka juu, akajaribu kuchungulia, hakuona hata shati.

"Shikamoo mama. Nimekuja."

"Marahaba. Nawa mikono."

"Mama, gari liko nje."

"Nimelisikia. Linatoa moshi. Kaa ule."

Alikaa. Alikula, maana kwa Mama huwezi kubishana ukiwa na tumbo tupu. Alipomaliza, Mama alishika fimbo, akakataa mkono wangu, akakataa mkono wa Kulwa, akainuka mwenyewe. Akatembea kufuata mianzi, akaupita mwamba, akafika uzio wa nyuma, ambako hakuwa amewahi kufika. Akaugonga kwa fimbo, akageuka, akarudi. Goti lilikuwa linakunjika. Nilikuwa nalitazama goti, si uso wake, na najua nilichoona.

Kutoka karakana Masanja akauliza, "Mama, umefika mwisho?"

"Nimefika na nimerudi. Wewe bado uko na mguu ule ule wa meza."

Kulwa aliniangalia. Akainamisha kichwa, akaanza kutabasamu kama mtu anayejizuia. "Sasa gari nimekodi kutwa," alisema.

"Vizuri," Mama akamjibu. "Lisirudi bure. Nenda Kisesa ukaniletee kitanda changu. Hiki cha hawa kinanizamisha. Na kile kinu. Na mwambie mkeo chumba changu aweke mahindi."

Kulwa akaenda. Jua lilipokuwa linashuka alirudi na kitanda cha mninga ambacho Mama aliolewa nacho, kimelegea miguu yote. Kimepelekwa karakana. Muda huu ninapoandika, Masanja anakibana misumari, na Mama, ng'ambo ya majani, anamwelekeza kwa mlio wa nyundo tu, na anamwambia kwamba mguu wa kichwani bado unadanganya.

Sitawahi kuipeleka habari hii gazetini. Haina kiongozi, haina mkasa. Lakini nimeshinda, na nimeamua kuandika neno hilo bila kulipunguza.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Itanikuta hapa hapa, na nyumba ikiwa na watu wake wote.