Mama Aliyetafutwa Burnt Forest

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Eldoret, Ijumaa tarehe 13 Juni 2025
Jina: Diana Apondi. Umri: miaka 34. Kazi: kutengeneza app za simu. Makao: mtaa wa West Indies, Eldoret. Anaoishi nao: hakuna.

Nimekuja mwenyewe, hakuna aliyeniita. Nataka Mzee Thuo atolewe seli, kwa sababu hakudanganya mtu.

Mzee Thuo ana duka mtaa wa Huruma, na anaongoza kikundi cha kutafuta wazee waliopotea, wale ambao wameanza kusahau njia ya kurudi nyumbani. Mimi ndiye niliwatengenezea app yao. Mzee yeyote akipotea, jamaa zake wanaandika jina, na simu za wanakikundi wote zinapata habari papo hapo.

Leo asubuhi nilikuwa nyumbani nikiendesha unit test ya sehemu ya app inayohifadhi majina, yaani database. Afisa ameniuliza hiyo unit test ni nini. Ni jaribio dogo tu. Unaweka mtu wa kubuni, unauliza kama yupo, ukijibiwa yupo, unamfuta. Kwa kawaida inafanyika kwa database ya bandia, ambayo jaribio likiisha inapotea yote.

Wenzangu huandika jina lolote, hata la kipuuzi. Mimi huandika Seline Awuor, miaka 72, sweta ya kijani, mara ya mwisho alionekana soko la Burnt Forest. Nambari ya kitambulisho pia ni yake. Huyo ni mama yangu. Aliuza omena kwa hilo soko, na tulimzika Siaya mwaka juzi. Afisa, wacha niseme ukweli: nafanya kazi peke yangu, siku inaisha sijaongea na mtu. Hiyo test nikiiendesha nauliza kama mama yupo, na najibiwa yupo. Najua ni ujinga. Lakini nilikuwa naiendesha hata mahali haikuhitajika.

Leo nilikuwa nimeunganisha simu na database ya kweli ili nirekebishe kitu kingine, nikasahau kurudisha ile ya bandia. Test ikapita vizuri. Ilimfuta mama kwa database, lakini simu za wanakikundi zilikuwa zimeshampokea.

Mchana nilisikia gari la kipaza sauti likipita chini ya dirisha. Lilisema, "Anatafutwa mama, Seline Awuor, amevaa sweta ya kijani." Haki ya Mungu, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba kuna mtu amemwona. Nilishuka ngazi bila viatu. Nilipofika barabarani gari lilikuwa limeshakata kona, na hapo ndipo akili ilinirudia.

Nilimpigia Mzee Thuo. Simu ilishikwa na binti yake, Waiyego, akilia. Alisema, "Baba wamemshika! Wanasema anatafutisha watu marehemu." Kumbe alikuwa ametoka Burnt Forest na watu wake bila kupata kitu, akaja kuripoti hapa, na ile nambari ya kitambulisho ikaonyesha mwenyewe alishakufa.

Nilipofika kituoni nilimweleza Mzee yote mbele ya afisa. Alinikaripia, na nilistahili. "Ala! Nyinyi watoto wa kompyuta! Nimezunguka soko lote na hii miguu yangu, naangalia kila mama mwenye sweta!" Nilisema, "Nisamehe, Mzee." Kisha akauliza, "Kuna mama mmoja wa viazi aliniambia anamkumbuka. Eti alikuwa anacheka mpaka wateja wanasahau chenji. Ni ukweli?"

Nikasema ni ukweli. Tangu tumzike, hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu juu yake. Hapo ndipo nililia, na afisa akaacha kuandika kwa muda.

Nimesomewa niliyoyasema, nami nakubali ni yangu yote, sikulazimishwa.

Sahihi: D. Apondi

Maandishi ya afisa: Mzee Thuo ameachiliwa na hana kesi. Anamngoja shahidi kwenye benchi. Anasema wataenda wote Huruma, chai iko. Nimemwagiza shahidi afute jina la marehemu kwenye simu zote za kikundi. Ameomba apewe hadi kesho. Nimemruhusu.
Konstebo E. Wanyama