Sarafu Iitwayo Pembe Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sifaeli Abdiel Kaaya
Umri: Miaka 64
Kabila: Mmeru
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi saa, Kaloleni
Makazi: Lemara, Arusha
Tarehe na muda: 14/08/2024, saa 9:20 alasiri
Mwandishi: WP Koplo Theresia

Mimi ndiye mwenye jina na makazi yaliyotajwa hapo juu. Nimeonywa kusema kweli na onyo nimelielewa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nataka kueleza habari za sarafu moja ya madini ya fedha ambayo mwanangu Lucky aliripoti jana kuwa imeibwa nyumbani kwangu, na habari za Loserian Meitamei aliyeko mahabusu kwa sababu ya sarafu hiyo.

Nianze na sarafu yenyewe, maana jana askari mmoja aliigeuzageuza akauliza kama ni kipande cha bati. Mimi nakusanya sarafu za kale za Wahispania, zile zilizopigwa kwa nyundo. Walipokuwa wakitawala huko Meksiko na Amerika ya Kusini, mafundi wao walikata kipande cha fedha, wakakipima, kikizidi uzito wakakipunguza kwa mkasi, halafu wakakiweka katikati ya mihuri miwili na kugonga. Walijali uzito, sura haikuwahusu. Ndiyo maana huwezi kuona hata moja iliyo duara kamili, na huwezi kuona mbili zinazofanana. Nimezipata kidogokidogo, nyingine Zanzibar, nyingine kwa watalii waliokuja dukani na saa mbovu, nyingine kwa posta. Majirani wanasema nimechanganyikiwa. Wenyewe wamejaza magari mabovu uani na hakuna anayewasema.

Hii inayozungumzwa ndiyo ya kwanza kabisa. Mama yangu, Anande, alinipa nilipokuwa naondoka nyumbani kwenda kujifunza ufundi saa. Bibi yangu aliivaa shingoni, ndiyo maana ina tundu. Upande mmoja ina msalaba, na ndani ya msalaba kuna simba na ngome, ila simba mmoja mkasi ulimkata kichwa. Kona moja imechomoza. Mwaka haujulikani, kwa sababu siku ile nyundo iliangukia pembeni na tarakimu hazikuingia. Nimeutafuta mwaka huo maisha yangu yote. Nisiulizwe ilifikaje Meru, sijui, na waliokuwa nayo kabla yangu hawakujua kwamba ni ya Wahispania. Kwao ilikuwa kitu cha mama.

Loserian ni Mwarusha, anafuga ng'ombe wa maziwa Elerai. Ananiletea maziwa kila Jumamosi, na tangu zamani akishashusha dumu anakaa, tunafungua kisanduku. Hana sarafu hata moja. Anazipenda kwa jinsi anavyopenda mifugo, kila moja aijue kwa sura yake. Mimi naziita kwa majina ya vitabuni, yeye amezipa majina kama ya ng'ombe: Baka, Mgongo Mbonyeo, Kilema. Hii yenye kona aliiita Pembe Moja. Nilimcheka siku hiyo, baadaye nikajikuta na mimi naiita hivyo hivyo.

Mnamo tarehe 10/08/2024, siku ya Jumamosi, asubuhi, Loserian alifika nyumbani kwangu kama kawaida. Mama alikuwepo. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani kwa ajili ya kliniki ya macho na alikaa kwangu wiki nzima. Tulifungua kisanduku sebuleni. Mama akaomba Pembe Moja. Nilimpa, akaifumbata kiganjani. Nikamwambia, "Mama, ishike pembeni. Jasho linaiharibu." Akanitazama, halafu akanirudishia. Loserian naye alitazama chini. Baadaye nilimsindikiza Loserian mpaka getini, tukasimama tukiongea habari za majani ya ng'ombe. Niliporudi nilifunga kisanduku bila kuangalia ndani. Mchana Lucky alimrudisha bibi yake nyumbani kwake mlimani.

Jumatatu tarehe 12/08/2024, nilipotoka kazini, nilifungua kisanduku nikakuta nafasi ya Pembe Moja iko tupu. Nilipekua nyumba nzima. Nilitikisa mpaka mazulia. Lucky akaniuliza nani alikuwa amekaa na kisanduku. Nikamtaja Loserian. Mama sikumtaja, na siyo kwamba nilimficha, hakunijia akilini kabisa. Lucky akasema, "Baba, basi jibu unalo." Nilinyamaza. Kwa kunyamaza kwangu akaelewa nimekubali.

Jumanne tarehe 13/08/2024, kama saa nne asubuhi, askari wawili walikuwa sebuleni kwangu kwa wito wa Lucky. Wakati wakiangalia kisanduku, Loserian aligonga geti. Siyo siku yake ya maziwa. Alikuwa amevaa shati safi na ameshika leso. Aliponiona mlangoni alicheka, akasema, "Shikamoo Mzee. Leo sikuleta maziwa, nimekuletea Pembe Moja." Akafungua leso pale pale mbele ya watu wote. Askari wakamshika mkono.

Aliulizwa ameipata wapi. Alijibu, "Nimeinunua kanisani." Wale askari walicheka, na Lucky akamwambia asimtukane Mungu juu ya wizi. Loserian hakuwajibu hao. Alinigeukia mimi, akasema, "Mzee, wewe unanijua." Naomba liandikwe kama lilivyo: sikumwamini. Nilikuwa natazama sarafu kama bado ina tundu lake na kona yake. Walimpandisha garini nami nimesimama pale pale kizingitini.

Usiku sikupata usingizi vizuri. Mwizi gani anakuja na shati safi? Leo asubuhi nilipanda mlimani kwa Mama. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, chache sana, za kununua. Migomba yake ameing'oa karibu yote mwaka huu kwa sababu ya mnyauko, na kahawa haikumpa kitu. Nilimwamkia, akaitika. Nikamuuliza kama anajua habari za Pembe Moja.

Akasema, "Ile ya mama yangu? Nimeitoa Mavuno."

Jumapili tarehe 11/08/2024 ilikuwa Sikukuu ya Mavuno usharikani kwake. Kwa asiyejua, siku hiyo kila mtu hupeleka madhabahuni alichovuna: mikungu ya ndizi, mahindi, mayai, kuku. Baada ya ibada vitu vinanadiwa nje, fedha zinaingia kanisani. Mama hajawahi kukosa kupeleka kitu tangu alipobarikiwa, yaani alipopata kipaimara. Mwaka ule wa njaa alipeleka kuni. Mwaka huu hakuwa na kitu.

Nikamwambia, "Mama, lakini ile ilikuwa yangu. Ulinipa."

Akajibu, "Nilikupa uitunze. Na umeitunza kweli, baba. Umeitunza mpaka mimi mwenyewe ukaninyima kuishika."

Alisema hivyo huku anacheka na anaendelea kumenya. Mimi sikucheka. Niliona uchungu na aibu kwa pamoja, nikashika kisu nikamsaidia ndizi zilizobaki. Sikumwambia Loserian yuko wapi. Ana miaka themanini na sita na anampenda, nilishindwa.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Prisca, mzee wa kanisa ambaye ndiye mnadi wa usharika. Ameniambia kwamba wahesabu sadaka walipoikuta sarafu kapuni waliikataa kwa kuwa siyo hela ya benki yoyote, wakaipeleka kwenye meza ya mazao. Yeye akaiinua juu na kutania watu, "Nani anataka hela iliyotafunwa na panya?" Kijana mmoja akaitaka ili aiyeyushe, atengeneze pete ya uchumba. Loserian alikuwepo kwa sababu mke wake, Nashipae, anaimba katika kwaya iliyoalikwa. Alikuwa nyuma kabisa, penye ng'ombe na mbuzi. Prisca anasema aliitambua tokea huko, akaja mbele anasukuma watu. Yule kijana akipandisha, Loserian anapandisha. Watu wakafikiri wanataniana, mpaka walipoona Nashipae ameshika kichwa. Fedha hiyo ilikuwa akiba yao ya kuezekea banda.

Sasa kuna desturi katika minada yetu. Aliyenunua anaweza kuondoka na kitu chake, au akamtunuku mtu mwingine hapo hapo, mara nyingi mzee au yule yule aliyetoa. Prisca alimuuliza Loserian anamtunuku nani. Akajibu kwa sauti kwamba anamrudishia anayeitunza, yuko mjini, atampelekea mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amekaa kivulini na wenzake, masikio yake siku hizi hayashiki vya mbali, kwa hiyo hakujua imekwenda kwa nani. Prisca yuko tayari kuja kueleza haya na namba yake ya simu nimeitoa.

Kwa hiyo hakuna wizi uliofanyika. Mama alichukua kitu chake nilipokuwa getini, akamtolea Mungu wake. Loserian alikinunua mbele ya usharika mzima ili kisiyeyushwe. Alikuwa ananiletea, nami nikamwacha apandishwe garini.

Nimeulizwa na mwandishi kama sarafu ni yangu ili nikabidhiwe. Jibu langu ni kwamba siyo yangu. Nimeipenda kuliko vitu vyangu vyote, na hapa ninaposema iko mezani mbele yangu na mkono unawasha. Lakini siwezi kuipokea kutoka kwa polisi. Irudishwe kwa Loserian, ikiwa ndani ya leso yake. Akitaka kunipa kama alivyokusudia jana, nitaipokea kwa mikono miwili. Akiamua kuondoka nayo akaezeke banda, ana haki, na nitamsaidia kutafuta mnunuzi asiyemdhulumu. Ninachoomba ni mlango ufunguliwe. Mimi nitakaa nje kwenye benchi mpaka atoke, hata kama hatanisalimia.

Nimemaliza. Hayo ndiyo ninayoyajua, nimeyasema kwa hiari yangu, nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: S. A. Kaaya

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Mimi WP Koplo Theresia nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa uaminifu kama yalivyotolewa na shahidi na kumsomea. Shahidi alionyeshwa kielelezo, alifumba macho, akakipapasa na kukitambua. Alikishika kwa muda, kisha akakirudisha mezani mwenyewe bila kuambiwa.

Nimezungumza na Prisca kwa simu, amethibitisha habari za mnada. Lucky Sifaeli amefika kituoni na kuondoa malalamiko. Mkuu wangu ameridhia. Saa 11:40 jioni Loserian Meitamei ameachiwa na kukabidhiwa sarafu moja pamoja na leso, amesaini.

Shahidi alikuwa bado kwenye benchi. Alisimama na kunyoosha mikono miwili. Loserian alimwamkia, akaitia sarafu kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Akamwambia, "Twende kwanza kwa Mama, Mzee. Hajaishika vizuri." Wameondoka pamoja.