Alinisalimia Amesimama

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu na unisaidie, maana magoti yangu yamekwisha na moyo nao hautulii, nikiinama jikoni yanasaga kama mtu anatafuna mchanga, nikaenda hospitali, daktari akanishika sikio akasema, "Mama, hiki kigumu kinachopinda ni gegedu, na gotini nako lipo, linateleza, linazuia mfupa usisuguane na mfupa, lako limelika," nikamwomba dawa ya kuliotesha, akasema gegedu likiisha halirudi, basi nikalia pale pale, wauguzi wakadhani nalilia magoti, kumbe nimemkumbuka Atuganile, mke wa mwanangu Kalinga, binti wa Ilomba kule Mbeya, ambaye aliteleza mtoni na ndoo kichwani, na tangu siku hiyo akawa ananisalimia asubuhi amesimama, ameshika mwimo wa mlango, "Kamwene, mama," bila kupiga magoti kama wanawake wetu wa Kihehe, akaniambia, "Mama, goti linakwama, linalia ndani," nikamjibu, "Kinacholia ni kiburi chenu watu wa Mbeya," nikamng'ang'ania mwanangu mpaka akamrudisha kwao, akaenda kupanda basi anachechemea, mjukuu wangu mgongoni, na sasa ni mwaka wa pili, Kalinga hataki mke mwingine wala hasemi nami ila la lazima, na Jumapili kanisani wenzangu wote wanapiga magoti, mimi nimekaa peke yangu, je, kuna dawa, na je, nimtume Kalinga akamchukue?

Mama Kalinga, Iringa, Juni 1957

Mama Kalinga, pole sana. Daktari hakukuficha. Gegedu halipati damu kama nyama, ndiyo maana kidonda cha nyama hufunga lakini gegedu lenyewe halikui tena. Kanda magoti kwa maji moto, acha ndoo na mizigo ya kuni, tafuta fimbo, tembea kidogo kila siku yasikakamae. Na usimpe mganga mbuzi wako akakuchanja bure.

Lakini, mama, tuseme kweli. Goti umekwisha kulieleza kwa daktari. Mimi umeniandikia habari ya Atuganile. Binti alikwambia kwa kinywa chake kwamba goti linakwama, nawe ukamtukana yeye na kwao. Huenda gegedu lake lilichanika siku ile mtoni, naye alikuwa akikuchotea maji wewe! Inaniuma kuandika haya, ila ulimwonea.

Kalinga asiende. Aliyemfukuza ni wewe, na wa kupanda basi ni wewe. Nenda wiki hii, ungali unaweza kutembea. Waombe radhi wazazi wake, kisha yeye. Usidai arudi. Akikataa, mpakate mjukuu wako kidogo, urudi nyumbani bila kununa, na Kalinga umweleze yote mwenyewe.

Ukifika mlangoni kwao, usihangaike kutaka kupiga magoti. Shika mwimo, umsalimu. Yeye atajua kwa nini umesimama.