Si Mwanamke, Mama Moraa, ni Mdudu

Hapana, Mama Moraa. Hakuna mwanamke. Kuna mdudu.

Najua hapo umesonya, lakini usirarue karatasi, wacha kwanza nikusalimie. Mbuya mono? Moraa ameacha kukohoa? Ng'ombe amezaa ama bado anatuchezea? Mimi huku Marigat niko mzima, nimekonda kidogo tu. Na kwa vile umenifungia simu, hii barua nimempatia dereva wa lori ya ndizi akuletee mpaka mlangoni. Huyo pia umuulize. Ameshalala kwangu, hajaona hata leso.

Sasa hiyo sauti ulisikia ikisema nimelala, alikuwa mama ya Kiptoo, yule kijana tunachoma matofali na yeye. Sauti yake ni ya msichana wa kwaya, lakini meno amebaki nayo matatu. Tulikuwa hospitali. Na kweli nilikuwa nimelala: kwa benchi, mdomo wazi, nikingoja damu yangu ipimwe. Yeye ndio alinishikia simu. "Amelala, usimuamshe." Mama wa watu alikuwa ananihurumia! Kumbe anachoma nyumba yangu huko Manga.

Hospitali tulifikaje? Hapo ndio mdudu anaingia.

Hapa kuna vichuguu virefu kunishinda. Nilipofika nikaona kimoja, nikasema Mungu amenikumbuka: udongo wake unatoa tofali nzuri, na mvua ikinyesha, kumbikumbi wanatoka hapo hapo kwa mlango, nawakaanga, nakula na ugali. Mkisii gani angeacha? Nikajenga kibanda cha matope kando yake. Jioni mimi na Kiptoo tunakaa juu ya kichuguu kama machifu. Mama yake akipita anasema, "Nyinyi, hapo kuna wenyewe." Tunamwambia, "Mama, wenyewe tunawala."

Basi Kiptoo akaanza kufura tumbo. Tukamcheka! "Pesa ya matofali imeingia." Lakini mikono inakonda, na homa inaenda ikirudi. Siku alishindwa kuinua tofali moja, kicheko kikaisha. Daktari akamfinya chini ya mbavu upande wa kushoto, akasema ni kalaazar, inaletwa na usubi, na ukikosa dawa unaenda. Alidungwa kila siku zaidi ya wiki mbili. Amepona, saa hii anakula kama wewe ukiwa na mimba ya Moraa. Mimi walinipata na malaria tu. Sijawahi kufurahia malaria hivyo.

Huyo usubi ni mdogo kuliko mbu. Halii, na kuruka hajui, anarukaruka kama mlevi anayetafuta geti. Upepo kidogo unamshinda. Ndio maana nyinyi huko mlimani hamumjui: na hiyo baridi yenu, ataishi wapi? Hapa nje jua linachoma, lakini ndani ya kichuguu kuna ubaridi na unyevu kama ndani ya chungu cha maji. Mchana anajificha huko, anataga huko, jioni anatoka kutafuta damu. Ukame ukikaza, wanapungua. Mvua ikija juu ya hilo joto, wanajaa. Na mvua ya siku hizi haina adabu: inakosa, inakosa, halafu inakuja yote pamoja. Ziwa la huku nalo lilipanda, watu wakahamia huku kwa vichaka, karibu na vichuguu. Mdudu ameletewa chakula nyumbani.

Ndio sababu wiki hiyo hiyo nikakuambia usikuje. Wewe ukajumlisha: sauti ya mwanamke, halafu ati usikuje. Hata mimi ningekuwa wewe ningefunga simu. Ulikuwa umefunga mizigo, umeaga akina mama wa kanisa, na najua walikucheka. Lakini daktari alisema mtoto mdogo ndiye anamalizwa haraka. Ningemlaza Moraa kando ya hiyo kitu? Ningekuambia mapema, lakini niliogopa utasema mume amekosa uwongo mkubwa akachukua mdogo.

Kibanda nimebomoa. Sasa nina nyumba ya matofali yetu, mbali na vichuguu, na ukuta nimepiga plasta nyufa zote zikaisha, maana huyo bwana anapenda kulala kwa nyufa. Neti nimenunua ya matundu madogo, yenye dawa.

Msalimie mama yangu, umwambie kanisani siku ya Sabato naenda. Msalimie dada yako anayetubebea maneno, apumzike mgongo. Na kaka yako mkubwa, aliyeapa kunivunja miguu, mwambie miguu iko, asubiri kidogo.

Sasa tufanye biashara. Mvua ikinyesha, matofali hayakauki na usubi wanajaa, kwa hivyo mimi nakuja Manga, nakuchunia majani chai. Jua likiwaka, wewe na Moraa mnakuja huku. Tunaanza mwezi wa kwanza. Ukifika, mimi nabaki nje na Moraa, wewe unaingia peke yako ukague: chini ya kitanda, ndani ya sufuria, kila mahali. Ukipata nywele moja ya mwanamke, narudi na wewe siku hiyo hiyo, nivae aproni yako mbele ya ukoo wenu wote. Ukikosa, unasimama kanisani unaambia wale akina mama kwamba mwanamke wa Marigat ana mabawa.

Mvua yako, jua langu. Umechukua, ama unataka nikupunguzie?

Mimi, mume wako mmoja tu,
Baba Moraa